Leso Mbele ya Msumeno

Mashine ile ilinitisha kabla haijawashwa. Ilishushwa uani kwetu Bodo, juu ya mchanga nilioufagia asubuhi ile ile. Ilikuwa meza ya vyuma iliyochomelewa harakaharaka, chini yake injini ya pikipiki kuukuu, juu yake kisahani cha msumeno chenye meno marefu kuliko kucha zangu. Kutoka kwenye injini ulipanda mkanda wa raba mpaka kwenye chuma kirefu cha mviringo kinachozungusha kisahani, hicho wanachokiita shafti. Mume wangu Alfani aliizunguka akitabasamu peke yake.

"Umeiona?" akaniuliza.

"Nimeiona. Irudishe ilikotoka."

Akacheka. Alfani hukata kuni za kuuza, ndiyo kazi yake: kwa wakaanga samaki wa Shimoni, kwa waoka mikate wa Msambweni, kwa kila mwenye harusi na kila mwenye matanga. Miaka yote amekata kwa shoka. Shoka nalijua, nalo lina adabu yake, ukiliweka chini linalala. Kitu hiki sikuona kama kina adabu yoyote.

Aliyekitengeneza ni Hesbon, kijana wa bara mwenye karakana ya kuchomelea vyuma Ukunda. Injini aliitoa kwenye pikipiki iliyogongwa. Kisahani alikipata kwa wauza vyuma chakavu, na hakuna aliyejua mwenye nacho wa kwanza alikiacha kwa sababu gani. Mimi nilitaka kujua. Niliuliza mara mbili, nikaambiwa wanawake tuna maswali.

Haki ya mtu mpe: Hesbon alikuwa ameweka kifuniko cha bati juu ya shafti na kisahani. Lakini matawi ya mkanju hayanyooki, na kila Alfani alipolisukuma tawi lililopinda, bati lilimzuia. Siku hiyo hiyo wakakifungua.

"Hiyo kava ilikuwa inasumbua tu, mathe," Hesbon akaniambia. "Hii kitu iko sawa kabisa. Usijali."

"Sijali nini, na hicho ni nini?" Nilimwonyesha bolti iliyochomoza kwenye shafti, kichwa chake kimetokeza nje urefu wa kidole gumba.

"Hiyo ndiyo inashikilia kila kitu."

Alfani akanishika bega. "Ajali haina kinga, mke wangu."

"Ilikuwa nayo. Mmeing'oa wenyewe sasa hivi, na mimi nimesimama hapa nawatazama."

Waliona ni mzaha tu, wakacheka wote wawili. Mimi sikuwa na mzaha. Mimi ni mwoga na sioni haya kusema. Naogopa radi, naogopa mamba wa kwenye mikoko hata kama watu wanasema hawapo, na kuanzia siku ile niliogopa kichwa cha bolti.

Nilikuwa na sababu. Jioni moja Alfani alikuwa akikata, nami nikasogea kukusanya vibanzi vya kuwashia moto. Gunia tupu lilikuwa limetundikwa kwenye mguu wa meza. Upepo ukaliinua kidogo. Sikuliona likienda. Niliona lilipokuwa, kisha nikaona lilipofika, limejizungushia shafti na kukaza hata mashine nzima ikaruka na kuzimika. Alfani alilikata kwa kisu, kipande kwa kipande, akipiga mluzi. Nami nikasimama nimejifunga leso yangu kiunoni, nikiishika kwa mikono miwili.

Tangu hapo kila ilipowashwa nilikuwa natega sikio. Ikinguruma, nilijua anakata. Ikibadilisha sauti, roho iliniruka mpaka isikike tena kama kawaida. Ikinyamaza, nilitoka mbio mpaka mlangoni nikamtazame kama bado amesimama. Chakula kiliniungulia mara ngapi sijui. Usingizi nao ukawa wa kuibia.

Ndipo ikaja harusi ya wifi yangu Zainabu, mdogo wake Alfani. Hapo lazima nimtaje mavyaa wangu, Bi Mbodze, mama yao. Ni mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Kigelegele chake kikipanda, kuku huacha kudonoa. Nilipoolewa ndiye aliyenifundisha kupika, na sijawahi kumwita kwa jina wala kumpita akiwa ameketi bila kuinama. Kwetu mavyaa haelekezwi. Unaweza kumwomba, unaweza kumpigia mafumbo, lakini huwezi kumwambia "simama hapa, usiguse pale" kama mtoto.

Kabla ya harusi kuna siku ya kuchanja kuni. Kuni za masufuria ya pilau hazinunuliwi tu zikaletwa. Huchanjwa uani kwa wenye harusi, wanaume na mashoka, wanawake na nyimbo, wote katika leso za sare. Na anayefanya kazi ya kufurahisha hutunzwa. Mwanamke hutoka kwenye duara akicheza, akamvalisha leso shingoni, ncha zote mbili zikaning'inia kifuani, watu wakashangilia. Ni heshima kubwa. Mtu aliyetunzwa na mama yake siku kama hiyo huisimulia mpaka uzeeni.

Safari hii Alfani alitaka kuchanja kwa mashine, watu waone.

Niliposikia, nilikaa chini. Nilijua vizuri anavyosimama kazini. Anayesukuma gogo husimama shafti ikiwa mbele ya tumbo lake, na akiinama kukisukuma kipande cha mwisho, shingo yake huwa juu ya shafti kabisa. Nikawaza leso, nikawaza zile ncha mbili. Nilimwambia waziwazi: siku hiyo usivae kanzu, usivae kikoi, na mtu asikutunze mashine ikiwaka. Alikubali ili ninyamaze. Nikafunga kamba ya nailoni kutoka mnazi hadi mnazi kuizunguka mashine. Nikawaambia wanawake wote ila mavyaa, mmoja mmoja, tunzo baadaye, mashine ikizimwa. Wakaitikia.

Bi Mbodze nilimwekea kiti kibarazani, kivulini, mbali. "Mama, jua la leo kali," nikamwambia. "Kaa hapa uangalie."

"Ahsante mwanangu," akasema. Nikadhani amenielewa.

Siku ikafika. Ua ulijaa. Mashine ilinguruma hata nyimbo hazikusikika, midomo ya wanawake ikawa inafunguka na kufumba tu. Alfani alivaa fulana na kaptura kama nilivyomwomba, vumbi la mkanju limemjaa nywele. Gogo liliingia zima likatoka vipande, na watu walishangaa kwelikweli. Mimi sikuangalia gogo. Niliangalia kamba yangu.

Bi Mbodze aliipita kamba kwa kuinama kidogo, kama anayepita chini ya nguo zilizoanikwa. Alikuwa akicheza, mabega yakipanda na kushuka, na mikononi alikuwa na leso mpya, bado ina ukakasi wa dukani, ameikunjua na kuishika kwa ncha mbili. Uso wake ulikuwa umejaa furaha. Alikwenda kwa mwanawe kwa upande wa nyuma. Alfani alikuwa ameinama, anasukuma, hakumwona.

Nilipiga kelele. Hata mimi mwenyewe sikuisikia sauti yangu.

Nikakimbia. Nilikanyaga mtu, nikakata kamba kwa kifua. Leso ilikuwa imeshainuliwa juu ya kichwa cha mume wangu. Sikuwa na nafasi ya kushika mkono, sikuwa na nafasi ya adabu. Nilimsukuma Bi Mbodze kwa mikono yangu miwili, kwa nguvu zangu zote, ubavuni, naye akaruka kando akaangukia rundo la magogo. Mkono wake ulikuwa wa kwanza kufika chini.

Hesbon, aliyekuwa amesimama karibu na injini, akazima mashine. Ndipo sote tukasikia anavyolia.

Alfani aligeuka. Alichoona ni mama yake chini, na mke wake amesimama juu yake, mikono bado imenyooka.

"Mwanatumu," akasema polepole. "Umempiga mama yangu?"

"Leso," nikasema. Pumzi zilikuwa zimenikatikia. "Alikuwa anakuvalisha leso. Ingeshikwa. Ingekunyonga."

Watu wakaitafuta hiyo leso. Ilikuwa imeangukia mchangani mbali na meza, safi, haina hata uzi uliovutwa. Mtu akaiokota akaikung'uta.

"Leso hii? Mbona haikufika hata karibu?"

"Mathe aliichukia hii mashine tangu siku ya kwanza," akasema Hesbon, tena hakusema kwa ubaya, alisema alivyoona. "Alitaka tu ikomeshwe."

Hapo maneno yakaenea uani kama maji yaliyomwagika. Kwamba nimetafuta sababu. Kwamba nilikuwa na langu moyoni na mkwe siku nyingi. Aliyeiona hatari kabla hawezi kumwonyesha mtu baada ya kuizuia. Hakuna cha kuonyesha. Ningemwacha amtunze, wangeona wote. Nilikuwa na mume mzima, mwenye shingo nzima, ananitazama kwa chuki, na nilishukuru Mungu kwa ile chuki huku ikiniumiza.

Bi Mbodze alipelekwa hospitalini akatiwa plasta kuanzia kiganja mpaka kiwikoni. Tangu alipoanguka hakuwa amesema lolote ila "uwi, mkono wangu".

Kesho yake baada ya alasiri jamaa walikaa barazani, nami nikaambiwa niombe radhi. Nilipiga magoti mbele ya watu. "Mama, nimekukosea, nakuomba radhi." Sikuongeza neno. Nilikuwa nimeshajieleza kwa kila mwenye masikio, na nilikuwa nimechoka. Isitoshe, kumsukuma nilimsukuma.

"Nimekusamehe," akasema, akiangalia mkeka. Kisha akasema ameshindwa kujifunga leso kwa mkono mmoja, nimpeleke ndani nimfunge. Wanawake wakatazamana, mbona ananiita mimi.

Ndani, mlango ulipofungwa, alinishika mkono kwa ule wake mzima. Kiganja chake kilikuwa baridi.

"Nilipoanguka nililala chini naitazama meza," akasema. "Nilikiona kile chuma kinavyozunguka na kile kichwa chake. Nikatazama juu nikaona shingo ya mwanangu ilipo." Akaishika plasta yake. "Nilikuwa namvalisha kitanzi, Mwanatumu. Kwa mkono wangu, na ninacheza."

Nilikaa kitandani. "Kumbe uliona. Basi mbona hukusema, mama? Wananiita mpiga mavyaa!"

"Ningesemaje? Mbele ya ua mzima, harusi ya mwanangu imeshawadia? Waseme Mbodze alitaka kumchinja mwanawe kwa kicheko? Siwezi. Usiniombe hilo." Machozi yalikuwa yakimtoka lakini sauti haikubadilika. "Mashine nitaizima. Hilo nitakufanyia. Hili jingine libebe wewe, una mabega mapana."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilitaka kufungua mlango na kuita watu wote. Kisha nikafikiria Alfani akiinama tena juu ya ile shafti, wiki baada ya wiki, harusi baada ya harusi. Nikamfunga mama leso yake, fundo zuri, nikamfungulia mlango.

Akatoka, akamwita mwanawe. "Alfani. Ukiwasha tena ile mashine huna radhi yangu, duniani wala akhera."

"Kwa nini, mama?"

"Nimesema."

Hakuna mwana wa kwetu anayejibu neno hilo. Alfani aliifunika mashine turubai siku hiyo hiyo, na kuni za Zainabu zikachanjwa kwa mashoka. Watu wakanitupia mimi lawama zote: kumbe mama wa watu ametishika hata hataki kuiona, kwa vurugu za mkaza mwanawe. Siku ya harusi sikupewa mwiko. Nilipokaa kula, wanawake walisogeza sinia mbali nami. Alfani alikuwa akinijibu salamu na kuniachia mgongo. Nilivumilia. Kila asubuhi niliamka nikatega sikio, nikasikia majogoo na mtu anayepasua kuni kwa shoka, nikarudi kulala.

Harusi ilipokwisha, Alfani akatafuta mnunuzi. Akaja mmoja kutoka Lungalunga, Chirau jina lake, kijana mnene mcheshi, na pikapu ya kubebea. Bi Mbodze alikuwa amekaa kibarazani, plasta mapajani. Chirau akamsalimu vizuri, "Shikamoo mama," akaitikiwa. Kisha turubai likafunuliwa.

"Kwetu kila wiki harusi, kila wiki matanga," akasema, akipapasa kisahani. "Hii nitaizungusha mji hadi mji. Kina mama wa kwetu watanitunza mpaka nizame kwenye leso!"

Nikatoka jikoni. "Kaka, hiyo bolti ikatwe kwanza. Na kifuniko chake kipo, kiko nyuma ya choo, kirudishe. Na mtu asikutunze ikiwaka, nakuomba. Nguo ikigusa pale inavutwa kabla hujapepesa jicho."

Chirau akanitazama, kisha akamtazama Alfani, na kicheko kikaanza kumtoka. "Ndiye huyu? Shemeji, habari zako zimefika mpaka Lungalunga! Nisogee mbali, au?" Akajifanya anakinga ubavu.

Alfani hakucheka, lakini hakunitetea. "Msamehe. Mke wangu anaogopa mashine."

Nilielewa hapo gharama ya mzigo niliokubali kuubeba. Nilidhani nimelipa kwa jina langu tu. Kumbe nilikuwa nimelipa kwa neno langu; halikuwa na thamani tena kwa mtu yeyote, hata mtu asiyenijua.

Chirau alikuwa na kitaulo shingoni, kile cha kujifutia jasho, ncha mbili zinaning'inia kifuani. Akasema aisikie inavyolia kabla hajatoa pesa. Alfani akarudi nyuma, yeye haruhusiwi kuigusa. Chirau akainama juu ya meza kutafuta pa kuwashia, na kitaulo kikainama naye, ncha zake zikalala juu ya shafti, karibu na ile bolti. Nilifumbua mdomo na sauti haikutoka. Mara ile nyingine nilikuwa na mikono. Sasa mikono yenyewe ilikuwa na sifa mbaya, ikaning'inia tu.

"Wee kijana!"

Kuku waliacha kudonoa. Bi Mbodze alikuwa amesimama.

"Toa mkono wako kwenye mashine. Una mama?"

Chirau akainuka, ameshangaa. "Ninaye."

"Basi njoo huku nikwambie jambo. Alfani, nawe sogea." Alishuka vidaraja vya baraza peke yake, plasta ameikumbatia kifuani, akaja mpaka kwenye meza ile ambayo hakuwa ameikaribia tangu siku ile. Akaivuta ncha ya kitaulo cha Chirau, akaiburuta taratibu juu ya shafti mpaka ikanasa kwenye kichwa cha bolti. Akaiacha hapo. "Mwanatumu hakunipiga. Mimi nilikuwa ninakuja kumvalisha mwanangu leso, na mashine inawaka. Ncha zingefika hapa. Nimeziona kwa macho yangu nikiwa nimelala chini. Huyu alinisukuma, akaokoa shingo ya mwanangu na akanivunja mkono, na mimi nikamwacha atukanwe na mji mzima kwa sababu niliogopa midomo ya watu. Sasa nimesema. Anayetaka kucheka acheke."

Chirau alikuwa ameinama nusu, amefungwa kwenye mashine iliyozimwa kwa kitaulo chake mwenyewe, anaogopa hata kujinasua. Nilimsaidia mimi. Akakivua, akakikunja kidogo kidogo, akakitia mfukoni.

Alfani aliitazama ile bolti. Akaitazama meza, pale anaposimama yeye siku zote, akainua mkono mpaka kooni na kuuacha hapo. Kisha akakaa chini mchangani, mtu mzima, mbele ya mgeni, meno yakimgongana kama mwenye homa. Uoga ule nilioubeba peke yangu tangu mashine ishushwe uani kwetu ulikuwa umemfikia. Nikaenda nikakaa naye.